Usitie Kidole Kwenye Karatasi Usiyoielewa: Haki ya Lugha Kasongo na Kabambare

Ingia ofisi yoyote ya serikali mjini Kasongo. Utasalimiwa kwa Kiswahili, utaulizwa shida yako kwa Kiswahili, nawe utaieleza kwa Kiswahili. Lakini karatasi itakapoletwa mbele yako ili utie sahihi au kidole, imeandikwa Kifaransa kuanzia mstari wa kwanza hadi muhuri. Ndivyo ilivyo kwa polisi, kwenye parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), mahakamani na katika ofisi ya ardhi. Kabambare mambo ni hayohayo, na huko kuna jambo la ziada: mzee aliyetoka kijijini huenda hata Kiswahili cha makarani kinampa taabu, maana lugha aliyolelewa nayo ni Kibangubangu au Kibuyu.

Hasara ya jambo hili wanaipata watu walewale kila siku: mkulima anayepoteza shamba, mama ambaye mwanawe hana cheti, kijana anayelala rumande kwa maneno ambayo hakuyasema. Wengi wao hawajui kwamba sheria ya Kongo imewapa haki ya kuelezwa mambo yao kwa lugha wanayoielewa. Makala haya yanaeleza haki hiyo iko wapi, inaombwaje, ni maneno gani ya Kifaransa yafaa uyatambue ukiyaona kwenye karatasi, na serikali inadaiwa nini.

Sheria imeandika nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inasema lugha rasmi ni Kifaransa. Kifungu hichohicho kinataja lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba, na kuiagiza Serikali iziendeleze bila ubaguzi. Watu wengi husikia neno "rasmi" wakaishia hapo, wakadhani asiyejua Kifaransa hana la kudai. Wamekosea, na kosa hilo linawagharimu.

Soma kifungu cha 18. Kinasema kila mtu anayekamatwa lazima aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake na shtaka lolote linalomkabili, tena kwa lugha anayoielewa. Angalia vizuri: Katiba haikusema "kwa lugha rasmi", wala haikusema "kwa lugha ya taifa". Imesema lugha anayoielewa yeye aliyekamatwa. Kama bibi wa Kabambare anaelewa Kibangubangu tu, basi haki yake ni Kibangubangu. Kama ni Kikusu au Kizimba, ni hivyohivyo.

Kifungu cha 142 nacho kinagusa sheria zenyewe. Kinaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika muda wa siku 60 tangu sheria hiyo iidhinishwe na Rais. Hili ni agizo, si ombi. Mwananchi wa Kasongo ana haki kamili ya kumuuliza mbunge wake: sheria mliyopitisha mwaka jana, nakala yake ya Kiswahili iko wapi?

Juu ya hayo, mwaka 1976 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Kifungu cha 14 cha mkataba huo kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo. Maneno hayo "bila malipo" yashike vizuri. Kwa kifungu cha 215 cha Katiba, mikataba iliyoidhinishwa ina nguvu kuliko sheria za kawaida, kwa hiyo karani anayekuomba pesa ya mkalimani katika kesi ya jinai anakuomba kitu kisichokuwa chake. Hata sheria ya mwenendo wa jinai ya tarehe 6 Agosti 1959, iliyoandikwa kabla ya uhuru, inamlazimu mtu aliyeitwa kihalali kuwa mkalimani aitike wito huo, na inamtaka aape kabla ya kuanza kazi.

Polisi na parke

Hapa ndipo karatasi huumiza zaidi, na ndipo nitakaa kwa muda.

Mtu akipelekwa mbele ya ofisa wa polisi ya sheria, yule tunayemwita OPJ, huhojiwa na majibu yake huandikwa katika procès-verbal, au PV kwa kifupi. Maswali ni ya Kiswahili, majibu ni ya Kiswahili, kalamu inaandika Kifaransa. Ofisa anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anachunguza na kutafsiri. Hata akiwa mtu mwema, makosa huingia. Tuseme wewe umesema, "Tuligombana, nikamsukuma, akaanguka." Kwenye karatasi panaweza kuandikwa kwamba umekiri coups et blessures, yaani kupiga na kujeruhi, ambalo ni kosa la jinai lenye adhabu yake. Ulieleza tukio, karatasi imeandika kosa. Hakimu atakayeisoma miezi baadaye hakuwapo ulipokuwa unasema.

Mwishoni mwa PV huwa kuna maneno haya: lecture faite, persiste et signe. Maana yake ni kwamba umesomewa yote, umeyakubali bila kubadilisha, na unatia sahihi. Kama hukusomewa, au ulisomewa Kifaransa usichokielewa, maneno hayo si kweli, nawe unaombwa kuyathibitisha kwa kidole chako. Basi kabla ya kidole, sema kwa upole na bila woga: "Mkubwa, naomba unisomee kwa Kiswahili yote yaliyoandikwa, mstari kwa mstari." Ukisikia jambo ambalo hukulisema, omba lisahihishwe hapohapo. Ukihitaji mkalimani wa lugha ya kwenu, omba ombi hilo liandikwe ndani ya PV yenyewe, kwa sababu wakili wako atalihitaji baadaye. Ikikataliwa, usitie sahihi. Kukataa kutia sahihi si kosa. Ofisa ataandika kwamba umekataa, nawe umwombe aandike na sababu: hukusomewa kwa lugha unayoielewa.

Kifungu cha 18 cha Katiba kinaongeza mambo mawili ambayo familia zinapaswa kuyakariri. La kwanza, kuwekwa chini ya ulinzi wa polisi hakuwezi kuzidi saa 48. Zikiisha, mtu aachiwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. La pili, aliyewekwa chini ya ulinzi ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake na mtetezi wake. Familia ikijua, inaweza kuleta mtu anayeijua lugha yake na Kifaransa pia. Kwa hiyo ukisikia ndugu amekamatwa, usimpelekee chakula tu. Peleka na mtu wa kusoma.

Karatasi zenyewe zina majina, na kuyatambua kunapunguza hofu. Mandat de comparution ni wito wa kufika parke. Si kukamatwa, lakini usipokwenda unaweza kuletewa mandat d'amener, yaani amri ya kukuleta kwa nguvu. Mandat d'arrêt provisoire ni amri ya kukuzuia kwa muda ambayo hutolewa na mwendesha mashtaka, na katika siku tano unatakiwa uwe umefikishwa mbele ya hakimu, zikiongezwa siku za safari ikiwa hakimu yuko mbali. Hakimu akikubali uendelee kuzuiwa, amri yake ya kwanza ni ya siku 15, kisha inaweza kurudiwa kwa mwezi mmoja mmoja. Amende transactionnelle ni faini ya kumaliza jambo bila kwenda mahakamani. Ukiilipa, dai stakabadhi yenye muhuri, na uulize imelipiwa kosa gani.

Mahakamani

Katika mahakama zetu mara nyingi mwandishi wa mahakama, greffier, ndiye anayegeuzwa kuwa mkalimani. Anasikiliza, anatafsiri, na huku anaandika kumbukumbu za kikao. Hakuna binadamu anayeweza kuyafanya yote hayo sawasawa kuanzia asubuhi hadi jioni. Wakati wa vikao vya nje, vile vinavyoitwa audiences foraines, majaji wanaposafiri kuwafuata watu mbali na makao ya mahakama, hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa watu wa vijijini ndio wanaotegemea zaidi lugha zao za nyumbani.

Mshtakiwa, mlalamikaji na shahidi, kila mmoja anaweza kusimama mwanzoni mwa kikao na kumwambia jaji kwamba haelewi. Usingoje hadi katikati. Jaji akimteua mkalimani, sikiliza kama anaapa. Uliza ni nani. Mkalimani asiwe ndugu wa mpinzani wako, asiwe mtu mwenye hamu na shamba mnaloligombea, na asiwe mtoto. Akianza kufupisha, wewe umesema maneno mengi naye akasema mawili, mwambie jaji. Kazi yake ni kuyapeleka maneno yako yote, si kuchagua yale anayoyaona yana maana.

Kesi za ubakaji zinahitaji uangalifu wa pekee. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inamtaka jaji na mwendesha mashtaka walinde usalama, heshima na siri ya aliyetendewa, na kikao kinaweza kufungwa kwa watu wa nje akiomba. Mwanamke anayelazimika kusimulia mambo hayo kupitia mwanamume wa kijiji chake hatasema yote. Anaweza kuomba mkalimani mwanamke, na wanaomsindikiza, awe muuguzi au mama wa jumuiya, wamsaidie kuomba mapema.

Kisha kuna hukumu. Inasomwa kwa Kifaransa, watu wanatoka nje, wanaulizana, "Amesema nini?" Huku siku zimeanza kuhesabiwa. Katika kesi ya jinai, aliyekuwapo mahakamani ana siku kumi tu za kukata rufaa tangu hukumu kusomwa. Aliyehukumiwa bila kuwapo, siku hizo huhesabiwa tangu alipoletewa hukumu. Katika kesi za madai ni siku 30. Nani atakata rufaa juu ya jambo asilolijua? Kwa hiyo siku ileile, kabla ya kurudi nyumbani, mfuate greffier na umuulize mambo matatu kwa Kiswahili: nimeshinda au nimeshindwa, natakiwa kufanya nini, na mwisho wa rufaa ni tarehe ngapi. Iandike tarehe hiyo.

Kuhusu msaada wa wakili: sheria ya mwaka 1979 inayoongoza kazi ya mawakili inataka kila baraza la mawakili liwe na ofisi ya ushauri bila malipo, bureau de consultations gratuites. Taabu yetu ni umbali, maana Kindu, makao makuu ya jimbo letu la Maniema liliko baraza hilo, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo kwa barabara, na anayetoka Kabambare anaongeza safari nyingine juu ya hiyo. Walio karibu zaidi na watu ni watetezi wa mahakama, wale défenseurs judiciaires. Hawa wanajua Kiswahili, na wengi wanajua lugha za hapa pia.

Ardhi, na pale Salamabila

Kosa la lugha katika kesi ya kuku linasahaulika. Katika ardhi linarithiwa.

Mtu au kampuni ikiomba kipande cha ardhi ya kijijini, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inataka uchunguzi ufanywe kwanza ili ijulikane kama ardhi hiyo iko wazi kweli. Wachunguzi hufika mahali penyewe, huhesabu watu wanaokaa hapo, hueleza misitu, maji na njia zilizopo, na husikiliza watu wanaotoa malalamiko yao kwa mdomo. Kwa mdomo! Sheria yenyewe imejua kwamba si kila mtu anaandika. Huna haja ya barua ya Kifaransa ili upinge. Simama, sema kwa Kiswahili au kwa lugha yenu, kisha dai usomewe kilichoandikwa kuhusu maneno yako.

Lakini uchunguzi huo huishia kwenye PV nyingine, na mara nyingi anayetia sahihi kwa niaba ya kijiji ni shefu pamoja na wazee wawili watatu. Baadaye hutolewa certificat d'enregistrement, cheti cha usajili wa ardhi, na miaka miwili ikipita tangu kitolewe, cheti hicho hakipingwi tena kirahisi mahakamani. Familia zinaamka siku nguzo zinapochimbiwa, na wakati huo muda umekwisha. Ewe shefu unayesoma haya: kidole chako ni kidole cha watu ambao hawajazaliwa. Karatasi ikiletwa asubuhi, isitiwe sahihi asubuhi hiyo. Itisha kikao, mtafute mwalimu wa sekondari au padri au sheikh anayejua Kifaransa, isomwe mbele ya wote, wanawake wakiwamo, maana wao ndio wanaolima.

Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, wanajua uzito wa karatasi. Pale kwenye machimbo ya Namoya dhahabu ilivuta kampuni kubwa ya kigeni, na uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 2016. Sheria ya madini kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaitaka kampuni ya madini kukubaliana na jamii inayoizunguka katika hati iitwayo cahier des charges, ambamo huandikwa shule, visima, barabara na zahanati zitakazojengwa. Tena inaitaka itenge 0.3% ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii hizo. Hati hiyo ni mkataba wa watu. Mkataba wa watu ambao watu hawawezi kuusoma utasimamiwa na nani? Kamati yoyote ya Salamabila, Kabambare mjini au Kasongo inayoingia katika mazungumzo ya namna hiyo iweke sharti la kwanza: nakala ya Kiswahili iwe mezani kabla ya siku ya kutia sahihi, si baada yake.

Cheti cha mtoto

Hili ni fupi, lakini ndilo linalogusa nyumba nyingi zaidi. Kwa Sheria ya Familia iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, mtoto anatakiwa aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, katika ofisi ya uandikishaji wa raia, état civil, na katika muda huo ni bure. Zikipita, unahitaji hukumu ya mahakama, ambayo ina gharama na safari.

Akina mama wengi hutoka hospitalini na karatasi wakaiweka sandukuni wakiamini mtoto ameshaandikishwa. Soma juu yake. Ikiwa imeandikwa attestation de naissance au certificat de naissance na imesainiwa na muuguzi au daktari, hiyo inashuhudia tu kwamba amezaliwa. Inayotakiwa ni acte de naissance, iliyosainiwa na ofisa wa état civil. Maneno haya yanafanana, kazi zake ni tofauti. Na ofisa akimaliza kuandika, mwambie akutamkie jina herufi kwa herufi. Katika mji wa akina Amisi, Ramazani, Shabani na Saidi, jina moja huandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu, na siku ya mtihani wa taifa au ya urithi mtoto anaambiwa yeye si yeye.

Hospitalini

Kasongo ina sifa katika historia ya afya barani Afrika. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Kongo pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga hapa mpango wa zahanati zilizoshikamana na hospitali ya rufaa na zilizoendeshwa karibu na wananchi, na wataalamu wa nchi nyingine walijifunza kutokana na mradi huo wa Kasongo. Mpango kama huo hauwezi kusimama bila kuzungumza lugha ya watu. Mgonjwa anayepasuliwa anatia sahihi ya kukubali. Naye ana haki ya kuelezwa atapasuliwa wapi, kwa nini, na kuna hatari gani.

Mashariki ya nchi ilifundishwa somo hili kwa uchungu wakati wa Ebola. Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilichunguza mjini Goma jinsi habari za ugonjwa huo zilivyoeleweka, likaona kwamba maneno ya Kifaransa ya kitabibu hayakueleweka na watu, na kwamba hata Kiswahili cha vitabuni hakikuwafikia wote kama Kiswahili wanachokisema wenyewe nyumbani. Kwa hiyo anayetafsiri tangazo la chanjo au la kipindupindu kwa ajili ya Kabambare asikae Kinshasa na kamusi. Alisome mbele ya akina mama wa sokoni Kabambare, awaulize wameelewa nini, ndipo alichapishe.

Nini serikali inadaiwa

Wapo wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya serikali na sheria. Kasongo ndiyo mahali pabaya kabisa pa kutolea hoja hiyo. Katika karne ya 19, kabla majeshi ya kikoloni ya kamanda Dhanis hayajauteka mji huu mwezi Aprili 1893, mambo ya utawala na biashara kati ya Kasongo, Kabambare, Nyangwe na pwani yaliandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu, kwa herufi za Kiarabu. Mtafiti Xavier Luffin amekusanya na kuchapisha maandishi ya aina hiyo kutoka Kongo. Lugha hiyo ilikuja pamoja na misafara ya pembe na watumwa, na machungu yake hatuyafichi. Hata hivyo wazee wetu waliigeuza kuwa yao, na ndiyo tunayoomba, tunayoozesha na tunayozika nayo. Tanzania nayo, mwaka 2021, ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zake. Na tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uwezo wa lugha si swali tena.

Linalotakiwa kwanza ni watu. Kila mahakama na kila parke inayohudumia Kasongo na Kabambare iwe na orodha ya wakalimani walioapa: wa Kiswahili, Kibangubangu, Kikusu, Kizimba, Kibuyu na lugha ya alama kwa viziwi, ambao husahaulika siku zote. Walipwe na serikali, kwa sababu mkalimani asiyelipwa na serikali atalipwa na upande mmoja wa kesi. Shule zetu za sekondari na taasisi za ualimu zina watu wanaoweza kazi hii wakipewa mafunzo ya maneno ya sheria na ya kutunza siri.

Pili, karatasi zinazorudiwa kila siku ziwe na Kiswahili chini ya Kifaransa: wito, mandat, fomu ya kuzaliwa, stakabadhi ya kodi, tangazo la uchunguzi wa ardhi. Kazi ya kutafsiri fomu hizo ni ya wiki chache, na ikishafanywa inatumika miaka. Bunge la jimbo pale Kindu lina uwezo wa kupitisha édit, sheria ya jimbo, na kutenga fungu katika bajeti. Sekta na chefferie (maeneo ya mashefu), ambazo kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ni vyombo vyenye madaraka yao, zinaweza kuanza hata kesho na matangazo yao wenyewe.

Redio ni njia ya tatu. Radio Okapi tangu mwaka 2002 imekuwa ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, na redio za hapa kwetu husikilizwa hadi shambani. Saa moja kwa juma ya kueleza sheria moja kwa Kiswahili ingetimiza sehemu ya kile kifungu cha 142 kinachodai.

Ndugu zetu waliopita kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wakapelekwa Marekani, wanapiga simu na kusimulia kwamba hospitalini huletewa mkalimani wa Kiswahili bila kulipa. Huko haki hiyo imesimama juu ya sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliipa nguvu kwa kuzitaka ofisi zote za serikali kuu ziwahudumie wasiojua Kiingereza, lakini mwezi Machi 2025 rais mwingine aliiondoa amri hiyo na kukifanya Kiingereza lugha rasmi. Sisi haki yetu imo ndani ya Katiba yenyewe. Hakuna gavana wala waziri anayeweza kuifuta kwa kalamu. Kinachokosekana ni watu wa kuidai na bajeti ya kuitekeleza.

Basi anza na yaliyo karibu nawe. Kama una mtoto ambaye hajatimiza siku 90, nenda juma hili ukamwandikishe, na usitoke ofisini kabla hujasomewa jina lake. Kama unajua Kifaransa, msindikize jirani asiyekijua siku anapoitwa parke; usimsemee, msomee. Kama wewe ni mbunge wa jimbo uliyechaguliwa kwa kura za Kasongo au Kabambare, peleka hoja ya wakalimani na fomu za Kiswahili katika kikao kijacho cha bajeti, na urudi utueleze, kwa Kiswahili, walikujibu nini.